Muuza mitumba

Muuza mitumba ni mtu anayejipatia riziki kwa kununua na kuuza tena nguo, viatu, mikoba, mapazia na vitu vingine vilivyokwisha kutumika. Katika Afrika Mashariki kazi hiyo inafanywa na watu wa kila kiwango cha elimu. Wapo walioianza mara baada ya kumaliza shule ya msingi, na wapo waliokuwa wahasibu, makarani, walimu au maofisa wa benki kabla ya kuacha au kupoteza ajira zao.

Jina

Neno mtumba (wingi: mitumba) lilimaanisha kwanza mzigo wa nguo au bidhaa uliofungwa pamoja, kama ule uliobebwa na wapagazi wa misafara kutoka pwani kwenda bara. Baadaye jina la mzigo likahamia kwa nguo zenyewe. Nchini Tanzania nguo hizo ziliwahi kuitwa pia "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba mwenyewe alikuwa Mzungu aliyefariki dunia. Nchini Uganda huitwa mivumba, Rwanda caguwa, na Zambia salaula.

Historia

Biashara ya mitumba ilipanuka sana nchini Tanzania baada ya serikali kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje mwaka 1984. Nchini Kenya hali hiyo ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo viwanda vingi vya nguo vilifungwa au kupunguza wafanyakazi. Wengine wanailaumu mitumba kwa hilo. Wengine wanataja mitambo chakavu, gharama za umeme na ushindani wa nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia.

Katika miaka ya 1990, chini ya mipango ya kurekebisha uchumi, serikali za nchi hizo zilipunguza pia idadi ya watumishi wa umma. Baadhi ya waliopunguzwa walitumia kiinua mgongo chao kama mtaji wa kuingia sokoni. Tangu hapo mitumba imekuwa kimbilio la watu waliotoka katika ajira za mshahara.

Jinsi kazi inavyofanyika

Nguo hutolewa kama msaada au kutupwa na wenyewe katika nchi kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Kanada na China. Huko, au katika vituo vya Falme za Kiarabu, huchambuliwa kwa aina na ubora, kisha hufungwa katika marobota. Robota la kawaida huwa na uzito wa kilo 45 hivi.

Waagizaji huyapokea marobota katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa na kuyauza kwa jumla. Kwa kawaida mnunuzi haruhusiwi kulifungua robota kabla ya kulilipia. Likifunguliwa, wateja wa kwanza, ambao mara nyingi ni wenye maduka, huchagua nguo bora kwa bei ya juu. Jijini Nairobi nguo hizo huitwa kamera. Zinazobaki hushushwa bei siku hadi siku, na za mwisho huitwa fagia.

Masoko yanayojulikana ni pamoja na Gikomba na Toi jijini Nairobi, Kongowea huko Mombasa, Karume jijini Dar es Salaam na Owino jijini Kampala. Wauzaji wengine hawana meza sokoni: huchagua nguo chache, huzifua na kuzipiga pasi, kisha huzitangaza kwa picha kwenye mitandao ya kijamii na kupokea malipo kwa simu.

Kutoka ajira hadi sokoni

Anayeacha kazi ya ofisi hukutana na hesabu tofauti na ya mshahara. Mapato ya siku si faida. Kwa mfano, robota lenye nguo 200 likinunuliwa kwa shilingi 300,000, kila nguo imegharimu shilingi 1,500. Lakini nguo 40 zikikutwa zimechanika au zina madoa, gharama ya kila moja kati ya 160 zilizobaki hupanda hadi shilingi 1,875, kabla ya kuhesabu usafiri, ushuru wa soko na chakula cha muuzaji.

Aliyekuwa ameajiriwa hupoteza pia michango ya mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya na likizo yenye malipo. Nchini Kenya na Tanzania mtu aliyejiajiri anaweza kuchangia mfuko huo kwa hiari, ila hapo hulipa peke yake. Kwa upande mwingine, hujipangia saa za kazi, na ujuzi wa ofisini kama kutunza vitabu vya hesabu humsaidia kutenganisha mtaji na matumizi ya nyumbani. Mtaji unaoliwa kidogokidogo ni sababu ya kawaida ya wauzaji wapya kuanguka.

Hatari

Moto ni hatari kubwa katika masoko yenye vibanda vya mbao vilivyosongamana. Soko la Gikomba limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Soko la Karume liliteketea Januari 2022. Muuzaji asiye na bima hupoteza mtaji wote kwa usiku mmoja.

Amri za serikali nazo huathiri biashara. Nchini Tanzania ni marufuku kuuza nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya. Mwaka 2020 Kenya ilisimamisha uagizaji wa mitumba kuanzia Machi hadi Agosti kwa sababu ya UVIKO-19.

Sera

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kulinda viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Marekani ilitishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafuu hiyo.