Kipimo cha Miezi Sita

Mwezi wa Septemba mwaka 1958, watu wa Jimbo la Kaskazini, ambamo Karatu ilikuwamo chini ya Wilaya ya Mbulu, waliitwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Walakini walioitwa walikuwa wachache, kwa kuwa sheria ya Waingereza ilimtaka mpiga kura awe ametimiza miaka 21, na juu ya hayo awe na pato la shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo miongoni mwa vyeo vilivyotajwa. Mkulima wa Kiiraqw na mfugaji wa Kimasai, aghalabu, walibaki nje bila ya kosa lolote. Na mwezi uliotangulia, mahakama ya Dar es Salaam ilikuwa imemtia hatiani Julius Nyerere kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika jarida la chama chake, Sauti ya TANU, ikamhukumu atoe faini ya shilingi 3,000, kiasi kile kile kilichomfanya mtu kuwa mpiga kura, ama aende jela miezi sita. Akalipa faini, na uchaguzi ulipofika akachaguliwa katika Jimbo la Mashariki, wala hukumu ile haikumpunguzia heshima mbele ya watu.

Naikumbuka habari hiyo kila nisikiapo swali kama aliyehukumiwa kwa jinai anastahili kura, kwa sababu nchi za Karatu na Ngorongoro zilikuwa na jawabu lao kabla ya sanduku la kura kujulikana. Mmasai aliyemwua mwenziwe alitozwa fidia ya mifugo, na kwa desturi hutajwa ng'ombe 49, wakatolewa na ukoo wake kwa ukoo wa marehemu. Na deni likisha kulipwa, jambo limekwisha. Kwa Wairaqw, aliyepatwa na metimani, yaani najisi ya kimila, alitengwa na nyumba na mashamba ya wenziwe hata najisi yake iondoke, jambo zito lililowaumiza wengi wasio na hatia, nami silisifu. Lakini hata kutengwa huko kulikuwa na mlango wa kurudia.

Nao watu wa Mbulu walipopata kura, waliitumia kwa kupima wenyewe. Mwaka 1960, TANU ilipotwaa viti 70 kati ya 71, kiti kimoja kilichosalia kilikuwa cha Mbulu, ambako wapiga kura walimwacha mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo, wakamchagua Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea binafsi. Watu wa namna hiyo hawahitaji kuchaguliwa na mwingine nani anafaa kusikilizwa.

Baada ya uhuru masharti ya pato na elimu yaliondoka, lakini kikawapo kipimo cha jela. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 5, humpa kura kila raia wa miaka 18, ikaruhusu Bunge kuwazuia waliotiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai; nayo Sheria ya Uchaguzi, badala ya kuyataja makosa hayo, ikahesabu miezi tu, ikamzuia aliye chini ya hukumu ya kifo au ya kifungo kinachozidi miezi sita.

Hapo ndipo ubaya ulipo, na Ngorongoro yaudhihirisha. Katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoundwa mwaka 1959, kulima kulipigwa marufuku mwaka 1975, kukaruhusiwa mwaka 1992, kukakatazwa tena mwaka 2009; basi mtu yule yule, katika bonde lile lile na kwa mahindi yale yale, alikuwa mhalifu, akawa raia mwema, kisha akawa mhalifu tena, ilhali mwenendo wake haukubadilika.

Kadhalika mahabusu. Mwezi wa Juni mwaka 2022, baada ya vurugu za kuweka mipaka ya ardhi huko Loliondo, watu zaidi ya 20, wakiwamo madiwani waliochaguliwa na wananchi, walishitakiwa kwa mauaji wakawekwa rumande, hata mwezi wa Novemba mashitaka yakafutwa. Kama uchaguzi ungaliangukia miezi hiyo, wangaliukosa bila ya hukumu ya mahakama yoyote.

Mwezi wa Desemba mwaka huo huo, katika shauri la Tito Magoti, ambaye mwenyewe alikaa mahabusu mwaka mzima, na mwenziwe John Tulla, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kile cha miezi sita kinapingana na Katiba. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa fupi. Sheria mpya ya uchaguzi ikaja mwaka 2024, na uandikishaji ulipoanza mwaka huo, Tume ya Uchaguzi ikafungua vituo 130 katika magereza ya Bara na 10 katika vyuo vya mafunzo vya Zanzibar, yaani magereza ya huko, jambo la kushukuriwa sana. Walakini walioruhusiwa ni mahabusu, na wafungwa wa chini ya miezi sita. Wa miezi mitano akaitwa kuandikwa jina lake, na wa miezi saba, aliyelala naye katika chumba kimoja, akabaki ameketi.