Sauti ya Wahenga: Kiswahili na Usawiri wa Mwafrika katika Filamu ya Get Out

Filamu ya Get Out, iliyoandikwa na kuongozwa na Jordan Peele na kutolewa nchini Marekani mnamo Februari 2017, imehakikiwa aghalabu kwa misingi ya rangi. Kijana Mweusi, mpiga picha Chris Washington, anawatembelea wazazi wa mpenziwe Mzungu na kugundua kuwa ukarimu wao ni mtego wa kumpora mwili. Uhakiki huo ni halali. Hata hivyo, upo usawiri mwingine uliotajwa kwa kupita tu, nao ni wa lugha. Wimbo unaoandamana na majina ya wasanii mwanzoni mwa filamu, uliotungwa na Michael Abels, unaimbwa kwa Kiswahili. Anwani yake ni "Sikiliza kwa Wahenga".

Dhima ya wimbo huo ni kumwonya mhusika. Sauti ni za wafu wa Kiafrika, nazo zinamtaka Chris ajiokoe. Swali la kihistoria linazuka papo hapo: wafu hao ni akina nani? Waafrika waliovushwa Atlantiki kwa nguvu walitoka kwa wingi Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola. Waliotoka upande wa Bahari ya Hindi, hasa Msumbiji, walikuwa wachache mno kwa kulinganisha. Ni vigumu basi kudai kuwa babu wa Chris alizungumza Kiswahili.

Jibu limo katika historia ya Marekani yenyewe. Katika miaka ya 1960 Kiswahili kilichukuliwa na wanaharakati Weusi kama lugha ya Afrika nzima, kwa kuwa hakikuonekana kuwa mali ya kabila moja. Maulana Karenga alipoasisi sherehe ya Kwanzaa mwaka 1966, nguzo zake saba, kuanzia umoja hadi imani, zilipewa majina ya Kiswahili. Mwaka uo huo jina Uhura, lililotokana na neno uhuru, lilisikika katika tamthilia ya televisheni ya Star Trek. Peele na Abels walirithi ishara hiyo ikiwa tayari imekomaa.

Ishara, lakini, haifuati sarufi. Msemaji wa Mombasa angesema "wasikilize wahenga". Kihusishi "kwa" katika anwani kinasikika kigeni. Muhimu zaidi ni neno lenyewe. Katika matumizi ya kawaida mhenga ni mtu wa kale mwenye hekima, yule ambaye methali hunasibishwa naye. Wafu wa ukoo huitwa mababu au mizimu. Filamu inawatwika wahenga kazi ya mizimu. Si kosa la kubezwa, maana lugha iliyosafiri hupata maana mpya, bali ni ushahidi wa Afrika iliyobuniwa kutoka mbali.

Athari yake kwa hadhira ndiyo inayostahili kuzingatiwa zaidi. Kwa mtazamaji wa Chicago, taharuki inajengwa na kutoelewa: sauti zinanong'ona, naye, kama Chris, hajui zinasema nini. Mtazamaji wa Nairobi anaelewa. Kinaya cha kidrama kinamfikia yeye kabla ya wote, hata kabla mama mkwe hajakoroga kijiko kikombeni na kumzamisha Chris katika usingizi wa kupumbaza. Hadhira ambayo haikulengwa ndiyo inayolipokea onyo.

Suala la nani amwakilishe nani liliibuka pia kuhusu mwigizaji mkuu. Daniel Kaluuya alizaliwa London kwa wazazi wa Uganda, na Samuel L. Jackson alihoji hadharani mwaka 2017 iwapo Mweusi wa Uingereza angeweza kuyabeba machungu ya Mmarekani Mweusi. Mwaka 2018 Peele alitunukiwa Oscar ya mswada asilia, Mweusi wa kwanza kuipata.

Katika Us (2019) alimpa Lupita Nyong'o, Mkenya, nafasi ya kuongoza. Safari hii kwaya ya Abels iliimba maneno yasiyo ya lugha yoyote.