Okestra nzima ndani ya sekunde moja

Juma lililopita sikuandika kitu hapa, na wa kulaumiwa ni mpwa wangu. Kijana ana miaka 19, anatengeneza midundo ya genge kwenye tarakilishi yangu kuukuu. Alikuja nyumbani amenuna. "Mjomba, wimbo wangu umefungwa." Alikuwa ameupakia kwenye intaneti, na baada ya saa chache akaletewa ujumbe kwamba muziki ulio ndani ni mali ya mtu mwingine. Kisa ni lupu ya fidla, mapigo 16 tu, aliyoitoa kwenye flashi ya rafiki yake.

Nikamuuliza, hao waliopiga fidla ni akina nani? Hajui. Basi nikamkalisha chini nikamsimulia haya.

Tamaa ya kumiliki okestra bila kulisha wanamuziki 60 si ya jana. Mwaka 1963 huko Birmingham, Uingereza, ilianza kuuzwa Mellotron, kinanda ambacho kila kibao chake huvuta ukanda wa sumaku uliorekodiwa sauti ya ala halisi. Kiliiga kifaa cha Mmarekani Harry Chamberlin. Ukanda ulikuwa na sekunde kama nane. Zikiisha, sauti imekatika, uachie kibao kirudi mwanzo. Chama cha wanamuziki cha Uingereza hakikufurahi hata kidogo, na mimi nawaelewa.

Mambo yalibadilika mwaka 1979. Kim Ryrie na Peter Vogel wa Sydney, Australia, walitoa Fairlight CMI, tarakilishi yenye kinanda, kalamu ya mwanga ya kuchorea kwenye skrini, na disketi za inchi nane. Bei yake ilikuwa ya kununulia nyumba. Hapa wenzangu wa programu mkae vizuri: kila sauti ilipewa kumbukumbu ya baiti 16,384, na kila kipimo cha sauti kilikuwa cha biti 8, yaani ngazi 256 basi. (Biti hii si ile biti ya wimbo. Lugha yetu imetuonea hapo.) Ukinasa vipimo 16,384 kwa sekunde, una sekunde moja kamili. Okestra utaifanyia nini kwa sekunde moja?

David Vorhaus, mwanamuziki aliyekuwa akiishi London, alipata jibu. Alichukua santuri ya Firebird, muziki wa Stravinsky uliochezwa mara ya kwanza Paris mwaka 1910, akanasa mshindo mmoja wa okestra yote ikipiga kwa pamoja. Faili ikaitwa ORCH5, ikawekwa kwenye disketi zilizokuja na mashine. Mwaka 1982 Afrika Bambaataa na Soulsonic Force walikuwa New York wakirekodi "Planet Rock", mtayarishaji akiwa Arthur Baker na kinandani John Robie. Studio ilikuwa na Fairlight. Mshindo ule ukaingia kwenye wimbo, na hip hop ikapata okestra yake.

Kwa nini unasikika vile, kama umetoka kuzimu? Kwa sababu mashine haikujua chochote kuhusu muziki. Ukibonyeza kibao cha juu zaidi, inasoma baiti zilezile kwa kasi zaidi. Ukipanda oktava moja, kasi ni maradufu na muda ni nusu. Okestra nzima inapanda na kushuka kama lifti, noti zake zote zimeshikana, jambo ambalo wanamuziki halisi hawalifanyi. Kasoro ya mashine ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe.

Baada ya hapo kila kampuni ya vinanda ilitaka mshindo wake. Kanuni za General MIDI za mwaka 1991 ziliupa nambari 56. Nenda kanisani kwenu, kama kinanda kinafuata kanuni hizo tafuta sauti ya 56, utamkuta mjukuu wa Firebird anasubiri.

Wasiokuwa na pesa za Fairlight walipata E-mu SP-1200 mwaka 1987: biti 12, na sekunde kama 10 za kunasa sauti kwa jumla. Vijana wa New York waliipiga chenga. Santuri ya mizunguko 33 waliicheza kwa 45, wakanasa haraka, kisha wakairudisha chini ndani ya mashine. Huo ni ubanaji wa data kwa mikono, jamani.

Sheria ilikuja ikiwafuata. Desemba 1991 mahakama ya New York ilimhukumu Biz Markie kwa kunasa wimbo wa Gilbert O'Sullivan, na hakimu alianza uamuzi wake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi. Tangu hapo biashara ya lupu zenye leseni ilinoga. FruityLoops ya Ubelgiji ilianza 1997, ACID ya Sonic Foundry 1998, na okestra ikawa faili za kuburuta. Piga hesabu: kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, mapigo manne ni sekunde 2.67. Kwa ubora wa CD hizo ni baiti 470,400. Disketi ya kawaida ingebeba mara tatu tu.

Lupu ya mpwa wangu tuliifuatilia. Ilitoka kwenye mkusanyiko wa kulipiwa. Leseni za namna hii kwa kawaida si za mtu mmoja: wateja 1,000 wanaweza kutumia fidla zilezile kihalali, kisha mmoja anasajili wimbo wake kwenye mitambo ya kutambua sauti, na wengine wote wanaonekana wezi. Mwenye risiti anaweza kujitetea. Kijana wetu hakuwa na risiti.

Jumamosi akamleta msichana wa kwaya anayepiga fidla. Tulimrekodi chumbani kwangu, blanketi dirishani, mara nne, kila mara amesogea kidogo mbali na maikrofoni ili isikike kama watu wanne. Katika ile ya tatu mbwa wa jirani anabweka. Mpwa wangu amekataa kumfuta, na jina la msichana ameliandika kwenye wimbo.