Ncha ya Boriti

Vyumba vya nyumba za kale za Unguja na Lamu ni virefu na vyembamba, na wageni aghalabu hudhani kuwa hayo yalikuwa mapenzi ya waashi. Sivyo. Kipimo kilitoka mikokoni: boriti iliyonyooka haizidi sana mita tatu, nayo ndiyo iliyobeba dari, mawe ya matumbawe na zege zito la chokaa. Boriti hizo zilikatwa Rufiji na Lamu, na majahazi yakazichukua kwa upepo wa kusi hadi Ghuba, ambako huitwa chandali. Nyumba za Kuwait na Bahrain zikapimwa kwa mti huo huo. Kenya ilipiga marufuku kuusafirisha nje mwaka 1982.

Mkoko ni mgumu, lakini ukishaloa hauna tena hiari. Dumuzi huacha vitundu na unga sakafuni, hivyo hujulikana mapema. Mchwa ni msiri: hupita ndani ya kijia cha udongo alichokijenga mwenyewe, akala kiini na kuacha ganda limesimama. Msomaji ataikumbuka fimbo ya Nabii Suleiman, ambaye majini hawakujua kuwa amekwisha kufa hadi mdudu wa ardhi alipoitafuna.

Kwa hiyo fundi ajuaye kazi hatazami katikati ya boriti. Hugonga nchani, pale inapozama ukutani, kwani huko ndiko unyevu hujificha. Mti mzima hulia mkavu. Ulioliwa hutoa sauti ya ngoma iliyolegea. Kisha huchoma kwa kisu.

Zamani gharama za chokaa na dari zilikuwa juu ya mwenye nyumba, au juu ya wakfu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na Serikali, zikapangishwa familia kadhaa pamoja, na paa likawa la wote, yaani si la yeyote. Mchwa hulaumiwa bure. Yeye alifuata maji, na maji yaliingia alipoondoka wa kupaka chokaa.

Mamlaka ya Hifadhi iliundwa mwaka 1985, na UNESCO ikautambua mji mwaka 2000. Watalii hupiga picha milango ya nakshi, ilhali mlango haubebi dari. Na wako wanaokarabati kwa plasta ya saruji: ukuta wa matumbawe, uliozoea kupumua kupitia chokaa, huzibwa, na unyevu wake hukimbilia kwenye ncha ya boriti.