Nyumba za Babu Zetu na Shimo la Mwaka Jana

Ndugu zetu wa Mbulu, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Kabla ya kuwaomba mchango wa mwaka huu, tunadaiwa maelezo ya mchango wa mwaka jana. Wengi wenu mlitoa fedha kwa ajili ya kitalu nyumba cha chini ya ardhi, na wengi mmeshasikia kwamba masika yalipofika kiligeuka bwawa. Ni kweli. Kwenye hesabu zetu fedha hizo zimeandikwa hasara, wala hatukuzipa jina lingine. Ila kosa lenyewe lina historia, na ni vyema muijue.

Wazo tulilitoa mbali. Huko Bolivia, kwenye uwanda wa juu wa milima ya Andes, wakulima wa Kiaymara hulima karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huwaulia mboga. Kwao kuna vitalu vya kuchimbwa ardhini viitwavyo walipini, neno la Kiaymara lenye maana ya mahali penye joto. Taasisi ya Benson ya Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, ilitoa mwongozo wa kuvijenga mwaka 2002. Joto la mchana na baridi ya usiku haviingii ardhini zaidi ya nusu mita hivi. Ukishuka mita mbili, udongo hautikisiki kwa baridi ya usiku mmoja. Funika shimo kwa nailoni ya kitalu: mchana jua linaingia na kuta zinalipokea, usiku zinalirudisha. Sisi tunaojua miche ya nyanya inavyodumaa Juni na Julai, hatukuhitaji kushawishiwa mara mbili.

Tukachimba tambarare, karibu na barabara, ili wageni wakione. (Hilo la wageni lilitugharimu kuliko sululu zote.) Uwanda wa Bolivia ni mkavu, kwetu masika hayaombi ruhusa. Hata mwongozo wenyewe unataka sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Hatukupima. Mzee mmoja alikuja, akasimama ukingoni, akatuuliza kwa upole kwa nini tumechimba kama watu wanaotafuta kisima.

Swali lake ndilo lililoturudisha nyumbani. Wairaqw walikuwa wakichimba makazi yao ardhini kabla hata ya Wajerumani kuja. Kule Kainam na vijiji vya jirani, mtu alikata mteremko wa kilima, akasimamisha nguzo, akalaza miti juu yake na kuifunika kwa udongo. Nyuma ya nyumba paa lilikutana na ardhi, na mpita njia aliweza kulikanyaga bila kujua kwamba chini yake kuna watu na ng'ombe. Sababu kubwa ilikuwa uvamizi wa Wamasai, waliokuja kuchukua mifugo. Leo tunauziana ng'ombe mnadani, lakini wakati ule ng'ombe asiyeonekana ndiye aliyebaki. Watu na mifugo walilala ndani pamoja, wakapeana joto, na asubuhi samadi ilibebwa shambani.

Oscar Baumann, msafiri wa Austria, alipopita nchi yetu mwaka 1892, watu walikuwa bado wanaishi humo. Miaka hiyo hiyo ya 1890 sotoka ilimaliza ng'ombe wa Wamasai, kisha utawala wa kikoloni ukaingia. Hofu ya uvamizi ilipopungua, nyumba zikapanda juu ya ardhi. Bati likaja, na ujuzi wa kuchimba tukauacha kama kitu cha aibu.

Tazameni mahali walipochimba: mteremkoni, si bondeni. Ukikata mteremko, nyuma unapata ukuta wa ardhi, na mbele unabaki na njia ya maji kutokea. Jibu la masika yetu lilikuwapo kijijini muda wote tuliokuwa tukisoma habari za Bolivia.

Mwaka huu mwanachama mmoja ametoa kipande cha mteremko unaotazama kaskazini. Upande huo si wa kubahatisha. Mbulu iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni, baridi inapokaza, jua la adhuhuri huinamia kaskazini kwa nyuzi 27 hivi. Paa letu litainama vivyo hivyo, si karibu nyuzi 40 kama la Bolivia. Shimo litakuwa na urefu wa mita 9, upana mita 4 na kina mita 1.8, yaani karibu mita za ujazo 65 za udongo. Udongo wa juu, ule mweusi, utatengwa ili urudishwe kwenye matuta pamoja na samadi. Nyuma, juu ya ukuta, utapita mtaro wa kukinga maji ya kilima. Chini tutaweka kokoto na mfereji wa kutolea nje. Mlango wa chini na dirisha la juu vitapitisha hewa, maana adhuhuri ya jua kali inaweza kuunguza miche iliyookoka usiku.

Vijana wa kijiji wamekubali kuchimba kwa zamu. Fedha tunayoomba ni ya nailoni, mbao, misumari na kokoto tu, na kila risiti itabandikwa ofisi ya kijiji. Mzee wa swali la kisima tumemwomba asimamie uchimbaji. Amekubali, kwa sharti kwamba hakuna atakayegusa sululu kabla hajaukagua mteremko mvua ikinyesha.