Kabla ya Jumapili ya Mengo

Kila ifikapo tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Watoto wetu tumewapa majina yao: Karoli, Kizito, Matiya. Mahubiri ya siku hiyo huishia kwenye moto wa Namugongo, mwaka 1886, na ndivyo ipasavyo. Lakini kwa miaka mingi nimetoka kanisani siku hiyo nikiwa na swali ambalo sikuwahi kusikia likijibiwa mimbarini. Wale waliobaki hai, waliokuwa wamejificha, waliowalilia wenzao kimya kimya, waliishije baadaye?

Jibu lake ni zito. Haikutimia miaka sita kabla hawajapigana wao kwa wao, Wakatoliki upande huu na Waprotestanti upande ule, chini ya kilima cha mfalme pale Mengo, Jumapili ya tarehe 24 Januari 1892.

Msomaji wa Sumbawanga anaweza kuuliza habari za Buganda zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana. Mwaka 1878 Kardinali Lavigerie alituma msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe kuingia bara kutoka pwani. Walipofika Tabora waligawanyika. Kundi moja lilishika njia ya Ujiji na Ziwa Tanganyika, na ndilo mwanzo wa kazi iliyokuja kuwa Karema, mama wa jimbo letu, ambalo liliitwa Karema hadi mwaka 1969. Kundi la pili likapanda kaskazini hadi Buganda. Kwa hiyo baba zetu katika imani na baba zao walikula chakula kimoja na kulala kambi moja. Mambo ya Mengo ni mambo ya ukoo.

Na ugomvi wa ukoo Wafipa tunaujua. Nkansi na Lyangalile zilitawaliwa na ukoo mmoja, Watwa, na hata hivyo zilipigana. Ila hapa kwetu kilichogombaniwa kilikuwa utawala, na kila mtu alikiita utawala. Buganda waligombania kitu hicho hicho wakakiita dini.

Hawakuanza hivyo. Mwaka 1888 Wakristo wa pande zote, pamoja na Waislamu, walimwondoa Kabaka Mwanga, yule yule aliyewaua wenzao. Muda si mrefu Waislamu wakawafukuza Wakristo, wakamweka Kalema kuwa mfalme. Uhamishoni, Mkatoliki na Mprotestanti walishika silaha pamoja, na Mwanga mwenyewe akapata hifadhi kwa mapadre pale Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wale aliowatesa ndio waliomrudisha kitini. Mwaka 1890 alikuwa amekwisha kukaa imara Mengo.

Ushindi ndio uliowaharibu. Walipokaa kugawana vyeo, waligawana nusu kwa nusu: cheo hiki cha Mkatoliki, kile cha Mprotestanti, tangu vyeo vya juu hadi vya chini. Katikiro, yaani waziri mkuu, akawa Apolo Kagwa, Mprotestanti. Na katika Buganda cheo hakikuwa jina tu. Cheo kilikuwa ardhi, na ardhi ilikuja na watu wake, na watu walikuja na bunduki zao. Kisha wakaweka sharti ambalo mimi nalihesabu kuwa chanzo cha vita kuliko jambo lingine lolote: chifu akibadili dini, anapoteza cheo chake na ardhi yake.

Tulifikirie sharti hilo kwa akili ya mkulima. Mtu amesikia Neno, moyo wake umeguswa, anataka kuhamia upande wa pili. Akihama, shamba linabaki. Mkewe, watoto wake na wote wanaomtegemea wanahama naye mikono mitupu. Watu hao walikuwa wameona wenzao wakichomwa moto kwa kukataa kuiacha imani yao. Sasa wenyewe wanatunga sheria ya kumwadhibu mtu kwa kufuata dhamiri yake. Na kila chifu aliyehama, au aliyedhaniwa anataka kuhama, alihesabiwa kama mlima uliotekwa.

Tupime sasa nguvu za kila upande mwishoni mwa mwaka 1891. Wakatoliki walikuwa na mfalme. Mwanga alielemea kwao, na katika Buganda watu humfuata Kabaka kama maji yafuatavyo mteremko, hivyo idadi yao ilikuwa ikiongezeka. Wakaanza kudai kwamba lile sharti lifutwe na kila mtu awe huru kuabudu apendavyo. Dai lilikuwa la haki. Mimi ni Mkatoliki, na ningependa kusema walilitoa kwa ajili ya uhuru wa dhamiri peke yake. Lakini walijua pia kwamba sharti likifutwa, machifu watamfuata mfalme, na nchi itakuwa yao bila hata risasi moja. Waprotestanti nao walijua hivyo hivyo, ndiyo maana walilishikilia kwa meno. Kwa watu, kwa mfalme na kwa muda, Wakatoliki walikuwa mbele.

Waprotestanti walikuwa na Katikiro, na walikuwa na rafiki kwenye kilima cha Kampala. Rafiki huyo alikuwa Kapteni Frederick Lugard, mtu wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliyefika Desemba 1890 na kujenga boma. Alikuwa na askari Wasudani na bunduki mbili za Maxim, zile za kumimina risasi mfululizo. Lugard alisema yeye hana upande. Huenda aliamini hivyo. Lakini watu wa nchi walikuwa wamekwisha kuviita vyama vile Wafransa na Waingereza, kwa taifa la wamisionari wao, na bendera ya boma ilikuwa ya Kiingereza.

Hata rafiki huyo nusura aondoke. Kampuni ilikuwa imeishiwa, ikaamuru boma liachwe. Aliyeliokoa hakuwa jenerali wala waziri. Waumini wa Kianglikana kule Uingereza, marafiki wa chama cha wamisionari cha CMS, walichanga fedha ili Lugard abaki mwaka mmoja zaidi. Ninaposoma habari hiyo huwa nawaza mtu mwema aliyetoa sadaka yake kwa ajili ya Injili ya Uganda, asijue ndani ya mwezi mmoja wa mwaka huo kutatokea nini.

Cheche yenyewe ilikuwa ndogo. Januari 1892 ulizuka ugomvi juu ya bunduki, Mprotestanti mmoja akauawa. Mwanga alisikiliza shauri, akaamua kwamba muuaji alikuwa akijitetea, akamwachia. Lugard alitaka adhabu, mfalme akakataa. Ndipo Lugard, asiye na upande, akawagawia Waprotestanti bunduki za boma.

Jumapili ile Maxim ziliamua. Wakatoliki wakavunjika, na kanisa lao la Rubaga likateketea. Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Tarehe 30 boma lilipeleka Maxim huko pia, na watu wengi, wanawake na watoto wakiwamo, wakafa maji wakigombea mitumbwi. Askofu Hirth alishika njia ya kusini hadi Bukoba, upande wa Wadachi, na huko Kanisa likaota mizizi mapya. Kagera leo wana mengi ya kusimulia juu ya wakimbizi hao.

Lakini Waprotestanti waligundua kwamba nchi bila Kabaka haitawaliki. Kufikia mwisho wa Machi walikuwa wamemrudisha Mwanga, safari hii akiwa chini yao. Wakatoliki wakapewa Buddu, na Waislamu sehemu ndogo za nchi, kila dini ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo sharti la ardhi halikufutwa. Lilichorwa kwenye ramani.

Serikali ya Uingereza baadaye iliwalipa mapadre fidia ya pauni 10,000 kwa mali iliyoharibiwa. Waliokufa Bulingugwe hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Na Mwanga? Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, akashindwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli. Huko, akiwa hana cheo cha kumpa mtu wala shamba la kumnyang'anya, aliomba ubatizo. Mfalme ambaye Wakatoliki walimfia alibatizwa Mwanglikana, kwa jina la Danieli, akafa mwaka 1903.