Nyumba ya Claude Monet, Giverny

Nyumba ya Claude Monet ni makazi, studio na bustani za mchoraji Mfaransa Claude Monet (1840–1926) katika kijiji cha Giverny, Normandie, kaskazini-magharibi ya Paris. Ukarabati wake mkubwa ulianza 1977, na wageni wakaanza kupokelewa 1980.

Monet alipanga hapo 1883, akainunua nyumba 1890. Mwaka 1893 alinunua kiwanja ng'ambo ya reli ili achimbe bwawa la mayungiyungi. Wanakijiji walipinga, wakihofia mimea ya kigeni ingetia sumu maji ya kijito, lakini kibali kilipatikana, naye akalichora bwawa hilo mpaka uzeeni. Studio zilikuwa tatu. Ya kwanza, iliyoungana na nyumba, iligeuzwa sebule. Ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa ajili ya turubai pana za mayungiyungi ambazo leo ziko katika jumba la makumbusho la Orangerie, Paris.

Baada ya kifo chake, nyumba ilitunzwa na Blanche Hoschedé, aliyekuwa binti yake wa kambo na pia mkwe wake. Blanche alifariki 1947, na hapo uchakavu ukaanza kwa kasi. Michel, mwana wa Monet, hakuwa akiishi Giverny. Alipofariki kwa ajali ya gari 1966, wasia wake uliiachia Académie des Beaux-Arts mali yote. Picha zilihamishiwa jumba la makumbusho la Marmottan, Paris. Nyumba yenyewe iliendelea kuoza.

Kazi ya kuiokoa alikabidhiwa Gérald Van der Kemp, aliyekuwa amekwisha kurudishia kasri la Versailles fahari yake. Alikuta vioo vya paa la studio kubwa vimevunjwa na milipuko ya Vita Kuu ya Pili, na miti mitatu imeota ndani yake. Sakafu na boriti za nyumba zilikuwa zimeoza, na ngazi moja ilikuwa imeporomoka. Panya wa majini walikuwa wametoboa kingo za bwawa. Fedha nyingi zilitoka kwa wafadhili wa Marekani, akiwamo Lila Acheson Wallace, na mchango wa Florence, mkewe Van der Kemp, katika kuzichangisha hautajwi inavyostahili.

Ugumu halisi ulikuwa bustani. Ukuta hukarabatiwa ukarudi ulivyokuwa, lakini ua hufa na mti hukua. Van der Kemp na mtunza bustani Gilbert Vahé walitegemea picha za zamani na kumbukumbu za watu waliowahi kuingia humo enzi za mwenyewe. Bwawa lilichimbwa upya. Daraja la Kijapani lilikuwa limeoza, likajengwa jipya. Kwa hiyo anachokiona mgeni ni bustani iliyopandwa upya kwa mpangilio wa mchoraji, na hilo si kasoro: Monet mwenyewe alikuwa akiipanda upya kila msimu.

Ndani, chumba cha kulia kimerudishiwa rangi yake ya manjano, kuanzia kuta hadi makabati, na jiko vigae vyake vya buluu. Picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, alizozikusanya Monet mwenyewe, zimejaa ukutani. Picha halisi alizochora yeye hazimo. Tangu 2011 studio ya kwanza imetundikwa nakala zake, zikifuata picha za zamani za chumba hicho, na uamuzi huo umekirudishia uhai kuliko kuta tupu.

Uamuzi wa kusikitisha ni ule wa studio kubwa: imekuwa duka la vitabu na zawadi, na mgeni hapati nafasi ya kutosha kuelewa ukubwa wa kazi iliyofanyika humo. Mapato ya wageni, hata hivyo, ndiyo yanayolipa mishahara ya watunza bustani. Barabara kati ya bustani ya nyumba na ile ya bwawa sasa hupitwa kwa njia ya chini ya ardhi, na milango hufunguliwa kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Novemba.